Hiace 1KD: stadi ya turbo imekatikia ndani ya manifoldi, fundi anataka kutoboa. Nimzuie?

KikuyuNaRudi (mwenye uzi)

Wakubwa wa dizeli, hamjambo. Nina Hiace ya 1KD (injini ya dizeli ya Toyota), inabeba abiria kati ya tauni na Kikuyu. Turbo, kile kipuliza hewa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, ilianza kwa kupiga filimbi, ukafuata moshi wa buluu kila tukiipandisha Waiyaki Way, na sasa imekufa kabisa: ukikanyaga mafuta pale Kangemi, mkokoteni unakupita. Nimepata nyingine, mtumba wa Japani, kule Kirinyaga Road. Nimechezesha shafti kwa vidole, mapanga hayagusi ganda la turbo, bei tukaelewana.

Sasa shida. Fundi akiitoa ile kuukuu, nati za juu zilifunguka baada ya vita. Ile ya chini upande wa nyuma, ambako spana yenyewe inaingia kwa kubembelezwa, ilizunguka kidogo, ikawa laini ghafla, halafu ikaja mkononi pamoja na kipande cha stadi (boliti isiyo na kichwa). Kilichobaki kimezama ndani ya sikio la manifoldi (chuma kinachokusanya moshi wa injini na kubeba turbo), kama milimita mbili chini ya uso. Hakuna cha kushika.

Fundi anasema ni kazi ya nusu saa. Ameshaazima drili na iziauti (kifaa cha kung'oa boliti iliyokatika) kwa jirani. Mimi nimemwambia tunywe chai kwanza. Nimzuie au nimwache?

MamaSpea_Grogan

Mwambie chai iwe ndefu.

Turbo_Junior

Mwache afanye kazi yake bana. Ponchi katikati, toboa, piga iziauti, geuza kushoto, imetoka. Mimi nazitoa hivyo kila siku. Watu wa mtandaoni watakutisha mpaka uuze gari.

ChumaMoto

Salaam. Mimi ni mkerezaji, karakana iko Kariobangi Light Industries, na vitu vya namna hii ndivyo vinavyonipa chakula. Kwa hiyo nikisema msitumie iziauti, jueni nasema kinyume na faida yangu, maana zikivunjika humo ndani huletwa kwangu.

Junior, nikuulize. Stadi ya milimita 10, chuma kizima, imekatika badala ya kuzunguka. Sasa unataka kuitoboa tundu la milimita 5, uingize kitu chembamba kuliko stadi yenyewe, halafu hicho chembamba ndicho kiizungushe. Nguvu hiyo kitaitoa wapi? Iziauti inafaa pale ambapo boliti imekatika kwa kukazwa kupita kiasi na meno yake bado ni masafi. Hapo hutoka hata kwa kidole. Stadi ya turbo ni habari nyingine: imepikwa miaka kwa moshi wa moto, kutu imejaa katika kila jino, ikapoa, ikapikwa tena.

Halafu iziauti ni ngumu lakini haipindi. Ikizidiwa inavunjika, na ikivunjikia ndani, biti ya kawaida ya drili haiing'ati, inateleza tu juu yake. Utatafuta biti za kabaidi au mashine ya kutoboa kwa cheche za umeme, na bei hapo si ya nusu saa. Tena zile zilizochongoka kuelekea ncha zina tabia mbaya: kadiri unavyozikaza ndivyo zinavyoitanua stadi, na stadi inazidi kubana tundu.

KikuyuNaRudi, kabla ya yote, piga picha ya kile kipande kilichotoka na nati. Uso uliokatika, si ubavu. Kwa karibu, kwenye mwanga.

KikuyuNaRudi

Hii hapa. Samahani kwa vidole vyenye masizi. Naona sehemu mbili: upande mmoja, karibu nusu ya duara, ni mweusi na laini, una mistari kama mwezi mchanga iliyopangana. Sehemu iliyobaki ni ya kijivu, inang'aa, ina chembechembe.

Fundi ananiangalia nikipiga picha chuma kilichovunjika, anafikiri nakusanya ushahidi wa kumnyima hela.

ChumaMoto

Mpe hela yake, hakuvunja yeye. Amemalizia tu.

Hiyo sehemu nyeusi ni ufa wa zamani. Moshi umekuwa ukiingia humo na kuupaka masizi. Ile mistari ni alama za ufa ukitembea kidogo kidogo: gari inatetemeka, ufa unasogea, unatulia, unasogea tena. Ya kijivu ndiyo pekee iliyokuwa imeshikilia mpaka spana ilipoingia. Stadi ya namna hiyo ingekatika barabarani yenyewe.

Ufa wa aina hiyo hautokani na kukaza sana. Unatokana na kitu kinachoning'inia na kuvuta. Angalieni bomba la ekzosi linaloshuka kutoka kwenye turbo. Kuna breketi inayolishika kwenye injini au giaboksi ili uzito wake usibebwe na turbo. Ipo?

KikuyuNaRudi

Nimeingia chini na tochi. Breketi ipo upande wa bomba. Upande wa pili matundu ya boliti yako wazi, hakuna kitu, na yamejaa matope makavu. Kwa hiyo ni muda.

Nakumbuka kuna gereji tuliwahi kubadilisha klachi. Sitaitaja.

DadaDizeli

Hapo ndipo ilipobaki. Klachi ikibadilishwa, giaboksi inashuka, breketi inafunguliwa, gari ikirudishwa abiria wanangoja stejini, na boliti mbili zinabaki kwenye kikopo cha maziwa. Ongeza matuta yetu, kila moja linalipiga lile bomba juu na chini. Turbo ikawa ndiyo hanga ya ekzosi.

Turbo_Junior

Sawa, breketi nimeelewa. Lakini stadi bado iko ndani. Mzee ChumaMoto, wewe ungeitoaje?

ChumaMoto

Kwanza ningetoa manifoldi nzima kwenye gari. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, unafanya kazi umejikunja, na mkono uliojikunja hautoboi tundu lililonyooka. Ila kuna sharti. Manifoldi ni chuma cha kusubu, lakini silinda hedi ya 1KD, inakofungwa manifoldi, ni aluminiamu. Stadi ya manifoldi ikikatikia kwenye aluminiamu, umehamisha tatizo dogo ukalipeleka kwenye nyumba ya gharama. Kwa hiyo: brashi ya waya kwenye kila nati, mafuta ya kulegeza kutu, acheni yalale. Asubuhi jaribuni kwa spana ya duara, si ile ya mdomo wazi. Nati ikizunguka vizuri, endeleeni. Ikianza kuwa laini kama ile ya jana, simameni hapo hapo, irudisheni ndani robo mzunguko, mafuta tena, kisha mtoe. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kutu hutoka kwa kusagwa, si kwa kuvutwa.

Nati za manifoldi zikikataa kabisa, basi acheni iwe, kazi ifanyike ndani ya gari na mzibe matundu yote yanayoelekea kwenye silinda na kwenye turbo. Unga wa chuma ukibaki kwenye manifoldi, moshi wa kwanza unaurusha kwenye mapanga ya turbo mpya. Turbo ya 1KD ina vile vijipanga vinavyofunguka na kufunga kuongoza moshi, na nafasi kati yake ni ndogo. Punje moja inatosha kukwamisha.

Pili, moto na kuchomelea. Hapa watu wengi hufanya kitu sahihi bila kujua kwa nini, kwa hiyo nitaeleza. Chuma cha stadi na chuma cha kusubu hutanuka karibu sawa. Ukipasha manifoldi nzima, tundu linatanuka na stadi inatanuka, mmebaki palepale. Ukipasha stadi peke yake, ikaiva nyekundu huku sikio la manifoldi likiwa bado na ubaridi, stadi inataka kunenepa lakini ukuta unaizuia. Inajibana yenyewe. Ikipoa inasinyaa na kuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa, na ule mshiko wa kutu unavunjika. Kuchomelea nati juu ya stadi kunakupa vyote viwili: joto linaingia mahali linapotakiwa, na unapata kichwa kipya cha kushika spana.

Ya kwenu imezama milimita mbili. Inatakiwa mashine ya kuchomelea ya waya, fundi aweke tone katikati ya stadi, angoje, tone juu ya tone, mpaka chuma kiinuke juu ya uso. Asiguse kuta. Hata kikiruka kidogo kwenye ukuta, waya ule haushikamani na chuma cha kusubu kwa nguvu kama unavyoshikamana na stadi. Kisha weka washa (ringi bapa ya chuma) juu yake, kisha nati, ajaze tundu la nati kwa moto mkali. Halafu, na hapa ndipo vijana huharibu: ACHENI IPOE. Wanachomelea na kushika spana papo hapo, chuma kikiwa chekundu na laini, nati inabanduka, wanasema njia haifai. Ngoja wekundu upotee, ngoja zaidi kidogo, gusisha mshumaa pale stadi inapoingia ili nta inyonywe na meno, ndipo ushike spana. Anza kwa kukaza kidogo, si kufungua.

DadaDizeli

Niongeze kwa wale watakaochomelea kwenye gari lenyewe. Toa terminali hasi ya betri. Klempu ya ardhi ishike manifoldi, karibu kabisa na stadi. Ukiibana kwenye chasi, umeme utapita popote unapoona njia, na njia hiyo inaweza kuwa beringi za turbo au kompyuta ya injini.

Na tafadhali, msipulize zile dawa za kopo za kusafishia breki halafu mkawasha moto. Zilizo na klorini zikichomeka hutoa fosjini, gesi ya sumu. Petroli ya kuoshea nayo sihitaji kuieleza. Nimeona gereji moja Baba Dogo, ndoo ya petroli iko chini ya meza, juu ya meza cheche zinaruka, na mwenye gereji anakula chapati.

KikuyuNaRudi

Fundi amesoma uzi wote kwenye simu yangu. Amesema huyo mzee wa Kariobangi anaongea kama mwalimu wake wa kwanza. Iziauti imerudishwa kwa jirani. Tumepaka mafuta, tumefunika, tumelala.

ForesterYaNgara

Nikiwa hapa hapa, Forester yangu ya turbo inapiga filimbi pia. Ni turbo au nini?

MamaSpea_Grogan

Filimbi inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, gasketi iliyoungua, au turbo yenyewe. Anza na mpira, ni rahisi. Na usiteke uzi wa watu.

KikuyuNaRudi

Manifoldi imetoka! Nati zote za hedi zilikubali asubuhi, moja tu ililia lakini kwa ule mchezo wa kwenda na kurudi ikalegea. Tukaifunga kwenye gunia, tukapanda nayo mpaka Kariobangi.

Stima zilikuwa zimepotea tulipofika. Tukakaa. Ziliporudi, kijana wa mashine ya waya akasafisha shimo, akaanza matone. Nati ya kwanza ilibanduka kwa sababu fundi wangu, na uzi wote alioumeza, alishika spana kabla ya wakati. Wakaisaga, wakaweka nyingine. Hiyo waliiacha mpaka ikawa ya kijivu. Mshumaa ulipoguswa, nta ilitoa moshi na kuzama yenyewe, unaona kabisa inavyovutwa ndani. Akakaza kidogo, tukasikia kitu kimelia "tak", akafungua. Ikaja. Unga mwekundu ukawa unamwagika mezani kila mzunguko.

Nimeishika mkononi. Urefu wa kifundo cha kidole. Na kitu hiki ndicho kimelaza gari.

Turbo_Junior

Mzee, nimekubali. Nitaijaribu kwa Pajero moja hapa kwangu ambayo imenikalia kichwani. Lakini swali: kama ingekataa hata kwa nati?

ChumaMoto

Hapo ndipo drili inaingia, ila kwa adabu. Saga uso uwe bapa, maana biti ikikutana na uso wa mteremko inateleza kwenda pembeni. Ponchi katikati kabisa. Pima mara mbili, na hapa usikadirie kwa jicho. Biti ndogo kwanza, milimita 3, mashine ya kusimama kama ipo, mwendo wa polepole, oili kidogo. Ukipata biti za kuzunguka kinyume ni bora zaidi, kwa sababu mara nyingine biti yenyewe inaing'ata stadi na kuitoa kabla hujamaliza. Ongeza ukubwa wa biti polepole hadi ubaki na ganda jembamba, kisha uling'oe kwa tindo ndogo.

Kuhusu vipimo, msidhani. Boliti ya milimita 10 inaweza kuwa na nafasi ya 1.5 kati ya jino na jino, au 1.25, na magari ya Kijapani hupenda 1.25. Pima kwa geji ya meno. Kwa 1.25, biti kabla ya tapu (kifaa cha kuchonga meno) ni 8.8. Kwa 1.5 ni 8.5. Fundi akichukua tapu ya 1.5 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye boksi, amekula meno yote.

Meno yakiisha, kuna koili za kupachika zinazokupa meno mapya. Zinashika vizuri zikiwekwa na mtu anayejua. Na kama tundu la sikio limepita hadi upande wa pili, wala usihangaike: lipanue, weka boliti ndefu na nati nyuma. Si nzuri kwa macho, lakini inashika.

KikuyuNaRudi

Meno yako salama, wamepitisha tapu ya 1.25 kusafisha tu, imeingia kwa vidole. Sasa stadi mpya. Kwenye duka la vyuma nimeonyeshwa zinazong'aa kama fedha, bei ya peremende. Zingine ni za chuma kisichoshika kutu, bei ya juu kidogo. Nichukue zipi?

MamaSpea_Grogan

Zile zinazong'aa zimepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzijoto 419. Turbo ya dizeli ikibeba mzigo inapita hapo bila kusalimia. Rangi yote itaondoka, na utabaki na boliti ya mlango wa geti.

Hizo zisizoshika kutu zinaudanganya moyo. Kwa joto kubwa zinalegea, na meno yake yana tabia ya kung'ang'aniana na nati mpaka viwe kitu kimoja. Utarudi hapa mwakani na uzi mpya.

Nenda kwa wakala wa Toyota au duka la spea linaloaminika, waambie stadi na nati za turbo ya 1KD, uwape namba ya chasi. Nunua seti yote, si moja. Zilizobaki zimepikwa moto uleule na kuvutwa na bomba lilelile. Gasketi za chuma mpya pia, ya turbo na ya manifoldi. Msiniletee hadithi ya kupaka silikoni.

DadaDizeli

Silikoni nimeipiga marufuku kwangu, hasa kwenye bomba la oili ya turbo. Ile inayofinywa nje unaiona na kuipangusa. Ile inayofinywa ndani inakatika vipande na kwenda kuziba.

Turbo_Junior

Na grisi ya shaba kwenye meno? Wengine wanasema inafanya nati ijifungue.

ChumaMoto

Paka kidogo sana, kwenye meno peke yake. Ya shaba inavumilia karibu nyuzijoto 1,000, ya nikeli inapita hapo. Kwa dizeli ya shaba inatosha. Ukishapaka, nati inateleza zaidi, kwa hiyo nguvu ileile ya mkono inaivuta stadi zaidi. Anayekaza kwa hisia ataizidisha. Tumieni spana ya kupimia na kipimo cha kitabu cha gari, kazeni kwa msalaba, hatua kwa hatua. Stadi yenyewe inaingia kwa mkono hadi mwisho, kinachokazwa ni nati.

Kabla ya kufunga, weka rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi na uso wa turbo. Mwanga ukipita chini ya rula, uso umepinda, unahitaji kusawazishwa kwenye mashine. Hiyo nayo huvunja stadi, na hakuna grisi itakayoizuia.

Sasa, KikuyuNaRudi, nimekuwa nangoja uulize jambo moja na hujauliza. Stadi tumeijua ilivyokufa. TURBO ilikufa kwa nini?

KikuyuNaRudi

Umri? Imetembea.

ChumaMoto

Umri hausababishi moshi wa buluu peke yake. Fungueni sampu, lile karai la oili chini ya injini.

KikuyuNaRudi

Fundi anasema sampu haihusiani, na mimi hapa mfukoni nimebaki na nauli.

ChumaMoto

Basi tumia nauli hiyo kununua gasketi ya sampu.

1KD ina ugonjwa wake unaojulikana, Hiace, Prado, Vigo, zote. Chini ya kila injekta kuna washa ya shaba inayoziba moshi wa silinda usipande. Washa hizo zikichoka, moshi wa mwako unapenya, unachanganyika na oili, oili inakuwa nzito kama lami na kutoa masizi magumu. Masizi yanashuka kwenye sampu na kuziba chujio la waya lililo kwenye mdomo wa pampu ya oili. Taa ya oili inaweza isiwake mapema. Lakini turbo iko mbali na pampu, na shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Ikikosa oili, yenyewe ndiyo hufa kwanza. Halafu unafunga mpya, inakufa vilevile, unasema mwenye duka la Kirinyaga Road amekuuzia takataka.

Turbo ya mtumba haina dhamana. Ukiiua, umeiua.

Na Nairobi iko juu ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi, turbo inalazimika kuzunguka zaidi kutoa msukumo uleule kuliko ingekuwa Mombasa. Oili ikipungua, huku itaumia haraka.

DadaDizeli

Nakubali kila neno. Vigo moja imeletwa kwetu ikiwa imeshabadilishiwa turbo mara mbili na gereji nyingine. Hakuna aliyefungua sampu.

KikuyuNaRudi

Wakubwa.

Tumefungua. Nimeweka picha. Chujio lilitakiwa kuwa na matundu ya waya. Mnaona kilichobaki, nafasi kama ya kidole gumba, pengine pote ni masizi meusi, magumu, ukiyakwangua yanatoka kama vibanzi. Chini ya sampu kuna tope ambalo fundi amelichota kwa kijiko. Amenyamaza tangu hapo, kisha akaniomba nimpe namba ya huyo mzee.

Sasa nafanya nini, kwa mpangilio, na kwa mfuko huu?

ChumaMoto

Mambo ambayo hayarukwi: chujio na sampu vioshwe mpaka ving'ae. Washa za injekta na sili zake zote mpya, na pale zinapokaa pasafishwe, maana washa mpya juu ya masizi ni kazi bure. Bomba la kupeleka oili kwenye turbo liwe jipya. Kama haiwezekani, litolewe, lipulizwe, na mwanga uonekane upande wa pili. Bomba la kurudisha oili nalo liwe wazi, lishuke bila kukunjwa. Likiziba, oili inarundikana kwenye turbo na kupita kwenye sili, na utaona moshi wa buluu hata kwa turbo nzuri kabisa. Chujio la oili jipya, oili mpya.

Intakula pia (kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), usiisahau. Turbo kuukuu imetapika oili humo, na kama mapanga yalivunjika kuna vipande. Ishushwe, ioshwe, ikauke. Injini ya dizeli ikianza kunywa oili iliyolala kwenye intakula inaweza kukimbia yenyewe, unazima swichi na bado inanguruma.

Yanayoweza kungoja mshahara: kupaka rangi, kubadilisha mpira usio na ufa, na zile "huduma za turbo" za kumwaga dawa kwenye tanki.

Siku ya kuwasha: kabla ya kufunga bomba la juu, mimina oili safi kwenye tundu la turbo, zungusha shafti kwa kidole hadi uhisi imekuwa nzito kidogo. Fungeni. Chomoeni umeme wa injekta, pigeni stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Kisha warudishe umeme, iwashwe, ikae sailensa, ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta. Mtu yeyote akiirevu ili "asikie turbo", mtoeni nje ya gereji.

Turbo_Junior

Hiyo ya mwisho imenigusa binafsi, lakini sawa.

KikuyuNaRudi

Imewaka. Stadi mpya seti nzima, gasketi mpya, uso wa manifoldi ulikuwa umepinda kidogo wakausawazisha kule kule Kariobangi. Breketi ya bomba imerudi, boliti zake zimekazwa mbele ya macho yangu, nimezipaka rangi nyeupe ili nijue zikisogea. Washa za injekta zimegharimu muda kuliko hela. Kusafisha pale zinapokaa kumemla fundi siku nzima.

Jana tumepanda Waiyaki Way bila abiria. Hakuna moshi, hakuna filimbi. Baadaye tukaipeleka hadi Limuru, tukaiacha ipoe, tukaingia chini na tochi: hakuna alama nyeusi ya moshi kuzunguka gasketi. Kuna tone la oili kwenye bomba la kurudisha.

DadaDizeli

Tone jipya au la zamani?

KikuyuNaRudi

Nimelipangusa. Nitaangalia jioni baada ya kazi.

ChumaMoto

Likirudi, badilisha gasketi ya lile bomba, usiikaze zaidi. Na hiyo oili mpya imwage mapema, usingoje kilomita za kawaida, itakuwa imeosha masizi yaliyobaki. Ukimwaga, chungulia rangi yake na ufungue lile chujio ulione ndani.

ForesterYaNgara

Sasa naruhusiwa kuuliza? Mpira wa hewa ni mzima. Filimbi ipo bado.

ChumaMoto

Fungua uzi wako, weka picha, na usimpe mtu drili. Mtu wa Subaru akija hapa atakueleza kuhusu kile kichujio kidogo ndani ya boliti ya oili kwenye baadhi ya zile za turbo.

Turbo_Junior

KikuyuNaRudi, pale Kariobangi kuitoa stadi walikutoza ngapi? Nina hii Pajero.

KikuyuNaRudi

Elfu moja na mia tano, na soda ya kijana. Ukienda, beba mshumaa wako, wao wa kwao uliisha kwa yangu.